Wanafunzi wanasoma Gamba la Nyoka: nitumieje vitabu vya historia?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kidato cha tano. Klabu yetu ya kusoma imechagua Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, riwaya inayohusu wanakijiji kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Wanafunzi wanaifurahia, lakini Ujamaa kwao ni swali la mtihani tu. Nusu yao wanasema wanakijiji walikuwa wajinga waliokataa maendeleo. Nusu nyingine wanasema serikali ilikuwa mkoloni mwingine. Nataka kuwapa vitabu vya historia, ila naogopa klabu itageuka kipindi cha Historia na riwaya itasahaulika. Nianze na vitabu gani, na nivitumieje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, hizo pande mbili zilizozuka kwenye klabu yako ni mtaji mzuri. Wanafunzi wanaobishana hivyo wamesoma kweli. Kilichobaki ni kuwapa kitu cha kubishania chenye uzito zaidi ya hisia.

Usianze na historia. Najua mazoea yetu: kabla ya kufungua riwaya tunaandika ubaoni mwaka wa Azimio la Arusha, misingi ya Ujamaa, sifa za kiongozi, kisha tunasema "haya, sasa tusome." Mwanafunzi anaingia kwenye hadithi akiwa ameshaambiwa atakachokiona, naye anakiona hichohicho na hakuna kingine. Waache wasome theluthi ya kwanza bila maelezo yoyote. Waandike maswali yao. Kitabu cha historia kiingie darasani siku mwanafunzi ameuliza jambo ambalo riwaya yenyewe haiwezi kumjibu.

Na katika maswali yote watakayouliza, lishike moja ulifanye la kudumu: mtu huyu angeweza kufanya nini kingine? Riwaya inatuonyesha alichofanya mhusika. Historia iliyoandikwa vizuri inatuonyesha njia zilizokuwa wazi mbele yake na zilizokuwa zimefungwa. Mwanafunzi akishajua njia hizo, hawezi tena kusema "walikuwa wajinga" kwa wepesi, wala "walikuwa wakoloni" kwa wepesi uleule. Hiyo ndiyo kazi ninayovipa vitabu vya historia mbele ya riwaya ya siasa. Sivitumii kuhakikisha kama mwandishi kasema kweli, wala kutafuta mhusika fulani "alikuwa nani hasa" katika serikali ya wakati ule.

Tuanze na wanakijiji. Wanafunzi wakifika mahali watu wanapokataa kuhama, wagawie karatasi na wachore ramani ya kaya moja ya wakati huo: nyumba, shamba la mbali, shamba la karibu, mahali pa maji, malisho, makaburi ya wazee, nyumba za ndugu. Kisha wachore kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara. Sasa wapime. Mkulima anatembea saa ngapi kwenda kwenye shamba lake la zamani? Kama ana migomba au mibuni, mimea inayokaa ardhini miaka na miaka, anaibebaje? Nani analinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe usiku kama wote wamelala barabarani? Baada ya hapo ndipo uwasomee kurasa mbili tatu za Andrew Coulson, katika kitabu chake cha 1982 juu ya uchumi na siasa za Tanzania, au sura ya Tanzania katika kitabu cha James Scott cha 1998 kuhusu mipango mikubwa ya serikali iliyoshindikana. Watakutana na mambo waliyokwisha kuyagundua wenyewe kwenye karatasi: umbali wa mashamba, ardhi ya karibu na kijiji kuchoka kwa kulimwa na wengi, ujuzi wa mkulima kuhusu mvua na udongo wake kupuuzwa na mtu aliyepanga akiwa ofisini. Nakuhakikishia, neno "wajinga" halitarudi kirahisi.

Lakini usiishie hapo, maana utakuwa umewahamisha wote kwenda upande wa pili. Siku ileile waulize: ungekuwa wewe mkuu wa wilaya mwaka 1970, una zahanati moja, walimu wachache na pampu ya maji moja, na watu wako wametawanyika kaya moja hapa na nyingine kule, ungefanya nini? Hoja ya serikali ilikuwa na mantiki yake. Shule, maji na dawa haviwezi kufika kwa kila kaya iliyo peke yake porini. Mwanafunzi aelewe kwamba watu wengi waliosukuma mpango ule waliamini wanawatoa wenzao kwenye ufukara, na baadhi ya walichoahidi kilifika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililenga kumfikisha kila mtoto shule ya msingi, na shule nyingi za vijijini ambazo babu na bibi za wanafunzi wako walisoma zilitokana na miaka hiyo.

Sasa tufike panapostahili muda wenu mwingi zaidi, yaani miaka kati ya 1967 na 1973. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Septemba ya mwaka huohuo Nyerere akatoa andiko la Ujamaa Vijijini, na humo akasisitiza kwamba kijiji cha ujamaa kinaundwa na watu walioamua wenyewe, washawishike kwa kuona mfano, wasilazimishwe. Mkutano wa TANU, chama tawala, uliofanyika Mwanza Septemba 1973 ukaamua watu wote wa mashambani wawe vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Weka andiko la 1967 na tangazo la 1973 mezani kando kwa kando. Usieleze chochote. Waulize tu: katika miaka hii sita kumetokea nini?

Jibu moja la swali hilo lipo Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na baadaye vijiji kadhaa vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Waliamua mambo yao wenyewe kwa mikutano, walilima pamoja, walijenga shule iliyofundisha watoto kadiri ya maisha ya kijiji. Nyerere mwenyewe aliwasifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Ralph Ibbott, aliyeishi na kufanya kazi na vijiji hivyo, ameandika kisa chote katika kitabu kilichotoka 2014. Ukiwa na nafasi ya kutafuta kitabu kimoja tu cha kigeni, ningekushauri hiki, kwa sababu kinaonyesha njia iliyokuwapo kisha ikafungwa. Kulikuwa na ujamaa wa hiari uliokuwa ukitembea kwa miguu yake. Mwanafunzi akijua hilo, mapambano yaliyo ndani ya Gamba la Nyoka yanambadilikia. Haoni tena "maendeleo" upande mmoja na "ukale" upande mwingine. Anaanza kuuliza nani aliamua, nani aliulizwa, na nani aliogopa watu wajiamulie.

Tumia dakika chache kwa takwimu, maana zinawachanganya wengi. Mwaka 1973 waliohesabiwa kuishi katika vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni 2. Kufikia 1977 idadi ya walioishi katika vijiji vilivyotambuliwa ilizidi milioni 13. Mwanafunzi akisoma haraka atadhani watu milioni 11 walipakiwa kwenye malori. Sivyo. Sehemu zenye watu wengi tayari, kama miteremko ya Kilimanjaro, nyumba zilibaki pale pale na eneo likaandikishwa kuwa kijiji. Waliohamishwa hasa hukadiriwa kuwa milioni 5 au zaidi, na hiyo peke yake ni idadi kubwa mno. Mikoa kama Dodoma, Kigoma na Mtwara iliguswa sana. Kwa hiyo kabla hujaruhusu mwanafunzi aseme "Tanzania ilihamishwa," mwulize: mkoa gani?

Wape pia ukweli wa jinsi operesheni za kuwahamisha watu zilivyofanyika, bila kupunguza wala kuongeza chumvi. Kulikuwa na mgambo, askari na malori. Kuna mahali nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Kuna watu walioshushwa na vyombo vyao mahali pasipo nyumba wala maji, wakaambiwa hapa ndipo kijiji. Kuna mahali pengine watu walihama kwa amani, wakasaidiwa kujenga. Haya yote yameandikwa na watafiti wengi na hayana ubishi. Ubishi uko kwenye sababu, na hapo ndipo penye somo zuri la uhakiki.

Chukua waandishi wawili wanaopingana, na kila kikundi ukipe mmoja. Goran Hyden, katika kitabu chake cha 1980, anaona mkulima mdogo wa Tanzania alikuwa na uwezo wa kujitoa mikononi mwa dola kwa kuwa alijitosheleza kwa chakula na ndugu, na serikali haikuweza kumkamata. Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, anaelekeza macho kwa tabaka la viongozi na maofisa lililokuwa likijijenga kwa kutumia dola na mashirika ya umma. Waambie kila kikundi kisome sehemu ileile ya riwaya kwa macho ya mwandishi wao. Kikundi cha Hyden kitaona wanakijiji wanaojua kukwepa. Kikundi cha Shivji kitaona maofisa wanaolinda vyeo. Kisha wabadilishane. Watakapogundua kwamba riwaya inaingia kote na haitoshi kokote, watakuwa wamejifunza kuhusu fasihi jambo ambalo muhtasari wa dhamira hauwezi kuwafundisha.

Nina upendeleo na nauweka wazi: kati ya vitabu vya karibuni, ninampenda zaidi Priya Lal, aliyechapisha mwaka 2015 utafiti uliotokana kwa sehemu kubwa na mahojiano na wazee wa Mtwara. Scott alitegemea zaidi tafiti za wengine, na kwa sababu anatafuta kanuni inayofaa Urusi, Brazili na Tanzania kwa pamoja, mkulima wa Tanzania anabaki mtu mmoja asiye na jina. Kwa Lal unasikia watu waliohamishwa wakikumbuka maumivu, na papo hapo wakikumbuka matumaini, wakidai hata leo zile ahadi ambazo serikali iliwapa. Mchanganyiko huo uko karibu sana na riwaya.

Vijana wasomi wa Kezilahabi, akina Mambosasa na Mamboleo, wanahitaji historia ya aina nyingine. Wanafunzi wako wataona mijadala yao kuhusu ujamaa ni mirefu na ya kinadharia. Wapeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha miaka ile. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400. Azimio lilikuja miezi michache tu baadaye. Muda mfupi baadaye chuo hichohicho kikawa na wanafunzi wanaosoma Marx na Fanon usiku kucha, Walter Rodney akifundisha historia, na jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche likaikosoa serikali kutoka upande wa kushoto mpaka likapigwa marufuku mwaka 1970. Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wao, amekusanya kumbukumbu za waliolianzisha katika kitabu kimoja, na ni rahisi kusomeka kwa kuwa ni watu wanaosimulia ujana wao. Baada ya kurasa chache, maneno makubwa ya wale vijana wa riwaya yanapata damu. Mwanafunzi anaelewa kwamba mtu wa miaka 22 aliweza kuamini kwa moyo wote kwamba anaijua njia ya ukombozi wa mama yake, bila kumwuliza mama yake.

Na mpe mwanafunzi Mwongozo wa TANU wa 1971, japo ibara ya 15 tu. Inamkataza kiongozi kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na ukandamizaji kwa anaowaongoza. Chama chenyewe kiliyaona maovu hayo na kuyaandika. Kisha rudini kwenye maofisa wa riwaya. Swali la kuuliza hapo halihitaji hotuba: kama chama kilijua, mbona ilikuwa hivi?

Ukisonga mbele mpaka Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya Kezilahabi iliyotangulia, iliyotoka 1975, kuna mtego. Mhusika mkuu Tumaini anamuua kiongozi wa serikali baada ya mali yake kuingiliwa. Kila mtu mzima atawaambia wanafunzi wako, "Huyo ni Mwamwindi." Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, kisha akaupeleka mwili mwenyewe polisi mjini Iringa. Alihukumiwa kifo. Tukio hilo liliitikisa nchi, na hakuna mwandishi wa wakati ule ambaye hakulisikia. Lisomeni. Lakini mkishalisoma, waulize wanafunzi wataje tofauti kabla ya kutaja mfanano. Isimani ilikuwa na historia yake ya kilimo kikubwa cha mahindi na watu waliofyeka mapori wenyewe miaka ya 1950. Tumaini amelelewa na nini? Utajiri wake umetoka wapi? Mwandishi aliyeachana na mtu halisi na kumuumba mwingine alikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo uhakiki. Ukisema "Tumaini ni Mwamwindi" umefunga kitabu.

Kuhusu lugha: karibu vitabu vyote nilivyotaja ni vya Kiingereza. Usiwabebeshe wanafunzi sura nzima. Chagua ukurasa mmoja, ufasiri wewe mwenyewe kwa Kiswahili, uusome kwa sauti kisha uwape nakala. Mwombe mwalimu wa Historia akusaidie, mfanye kazi pamoja. Yeye atafurahi kupata wanafunzi wanaotaka kujua, na wewe utapata mtu wa kukusahihisha tarehe. Azimio, Ujamaa Vijijini na Mwongozo viliandikwa kwa Kiswahili pia. Hivyo wasome wenyewe, tena kwa sauti, kwa sababu viliandikwa visikike mikutanoni. Magazeti ya Uhuru ya 1973 hadi 1976, kama maktaba ya karibu inayo, yana picha na barua za wasomaji zenye thamani kubwa.

Wazee nao ni chanzo, na wengi wao bado wapo. Mtu aliyekuwa na miaka 15 wakati wa operesheni sasa yuko kwenye sitini na kitu. Watume wanafunzi wakaamkie, wakae, wasikilize. Ila waandae. Kuna babu aliyevunjiwa nyumba, na kuna babu aliyekuwa mgambo aliyevunja. Huenda ni majirani wanaosali pamoja. Mwanafunzi asimwulize mzee swali la kumtia hatiani mbele ya wajukuu, na asilete darasani jina la mtu bila ruhusa yake. Aanze na maswali ya vitu: mlibeba nini, mlilala wapi siku ya kwanza, maji mliteka wapi, shamba la zamani lilikuwaje. Mengine mzee atayafikia mwenyewe akitaka.

Nimeongea sana juu ya historia kuisaidia riwaya. Fanya na kinyume chake, kila wiki. Baada ya kusoma ukurasa wa Coulson au Hyden, waulize: yule mama wa kwenye riwaya yuko wapi katika ukurasa huu? Mara nyingi hayupo. Mazungumzo ya mume na mke usiku kabla ya lori kufika hayapo. Aibu ya kijana anayerudi kwao akiwa ofisa haipo kwenye takwimu yoyote. Kezilahabi alizaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, akachapisha riwaya hii 1979, miaka mitatu tu baada ya ule mwisho uliowekwa na chama. Aliandika moto ukiwa haujazimika. Wanafunzi waone kwamba riwaya nayo inamhoji mwanahistoria, na mara nyingine inamkuta hana jibu.

Kwa mkutano wa mwisho wa klabu, soma nao sehemu ya tathmini ambayo Nyerere aliitoa mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio, ambamo alikiri kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea, huku akieleza kwa kirefu yaliyopatikana. Wasomeeni bila kuwaambia kama wamlaumu au wamsifu. Kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja: achague mhusika wa Gamba la Nyoka, amweke mbele ya redio anasikiliza maneno hayo, na aandike anachomwambia mtu aliyekaa naye. Sharti ni moja: kila jambo ambalo mhusika analitaja kuhusu yaliyopita liwe limetoka kwenye riwaya, kwenye ukurasa mliousoma, au kwa mzee aliyehojiwa. Wakisomeana kazi hizo, wale waliokuwa upande wa "wajinga" na wale wa "wakoloni" waketi pamoja, na uwape saa nzima.